Blanketi la Maktau

Bura, 9 Februari 1956

Kwa mwanangu Wakesho,

Salamu zikufikie huko kwenye jua lenu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Ng'ombe amezaa, tena dume, nami nilikuwa nimeshaahidi watu mtamba. Kabeji zimefunga vizuri mwaka huu. Abiria wa treni ya Taveta wananinyang'anya kabla sijatua kikapu. Baba yako bado yuko Mwatate kwenye mkonge. Alipita mwisho wa mwezi, akala, akanyamaza, akaenda zake. Unamjua kaka yangu.

Sasa neno lenyewe. Nimesikia hutakuja kujifungulia nyumbani. Mumeo Mbuvi amesema safari ni mbaya, askari wanapekua treni siku hizi, na mwanamke mwenye mimba hawezi kushushwa kila stesheni aonyeshe karatasi. Haya. Mtu wa reli akikataza treni, nani atabisha? Lakini mwambie Mkamba wako kwamba mke nilimpa, akili yangu sikumpa.

Katika kifurushi alichobeba gadi wa treni utakuta blanketi la Maktau. Unalijua. Babu yako alipewa alipokuwa akibeba mizigo ya Waingereza huko Maktau, vita vile vya kwanza, akarudi nalo mabegani, miguu mitupu. Ndilo nililokufungia wewe siku mama yako alipofariki. Ulikuwa mdogo jamani, mdogo! Wanawake wote wakaniambia, Jacinta, usijichoshe, huyu anamfuata mama yake. Nikakufunga mwili na kichwa, nikaziba dirisha kwa matambara, nikakoka moto ndani, nikalala nawe kifuani mpaka mvua zikaisha. Na leo unasoma barua.

Basi nawe fanya hivyo hivyo. Kichwa cha mtoto kisionekane mpaka utosi ufunge, maana baridi huingilia hapo. Dirisha lifungwe. Watu wa mjini watacheka, waache wacheke.

Niandikie mara tu utakapojifungua. Usiningojeshe, sina subira na wewe wajua.

Ni mimi shangazi yako,
Jacinta


Voi, 6 Machi 1956

Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu za watu wengi leo, maana tumeongezeka. Mimi ni mzima, Mbuvi ni mzima, na mjukuu wako Francis ni mzima. Ndiyo, ni mvulana. Alizaliwa Jumanne ya wiki iliyopita, hospitali ya hapa, mikononi mwa mkunga aitwaye Dinah, Mtaita mwenzetu. Ana masikio yako, Shangazi. Usikasirike, ni ukweli, yamesimama hivi kama anayesikiliza maneno ya watu.

Voi ni moto. Huwezi kujua mpaka uje. Mabati ya landhi, hizi nyumba zetu za reli, yanalia mchana kutwa, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria yenye kifuniko. Mbuvi anapanga mabehewa usiku, mchana anajaribu kulala, na chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja.

Mama yake amekuja kutoka Kibwezi kunisaidia. Anaitwa Mumbe. Ni mama mwembamba, haongei sana, ananusa ugoro wake kibarazani akitazama treni. Ananipikia uji, ananikanda tumbo kwa maji ya moto, amenifulia kila kitu. Neno moja tu ndilo linalotutatanisha. Nilipomfunga Francis kwa blanketi kama ulivyoniagiza, siku ya kwanza aliniacha. Siku ya pili akasema, "Mama, mtoto anavuja jasho. Nywele zake zimelowa kana kwamba umemwosha." Akamfunua. Mimi nikamfunika. Akamfunua tena nilipokwenda msalani. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, mimi nililelewa hivi, na mama yangu alikuwa ameshakufa, na nikaishi." Hapo akaniangalia, akasema, "Basi mimi sina la kusema juu ya hilo," akatoka na ugoro wake.

Mkunga Dinah naye alisema tuwaache watoto uso wazi, lakini alikuwa akisema na wanawake wote pamoja, si mimi peke yangu. Nimeona nifuate lako. Jioni nikimfunga naona kama uko humu ndani. Blanketi bado lina harufu ya moshi wa jiko letu.

Njoo umwone. Usiache kabeji zikuzuie.

Mwanao,
Wakesho


Bura, 19 Machi 1956

Mwanangu, mama Francis,

Salamu, salamu, salamu! Nilipiga vigelegele pale stesheni mpaka stesheni masta akatoka nje akidhani kuna aliyegongwa. Nimewaambia wote. Hata wale nisioongea nao nimewaambia, kisha nikaendelea kutoongea nao.

Masikio yangu, eti? Mungu amsaidie mtoto wa watu.

Nimefurahi kwamba unashika nililokuagiza. Jasho si ugonjwa, Wakesho. Jasho ni joto, na joto ni uhai. Nasikia mama wa Kibwezi ana maneno. Mheshimu, ni mama wa mumeo, lakini asikuharibie mtoto kwa mila za nyikani. Na huo ugoro wake uwe mbali na pua ya mwanangu. Usikubali alale naye. Mtoto alale nawe, kifuani pako, ndani ya blanketi, kama tulivyolala sisi.

Nitakuja baada ya Pasaka. Nitabeba mayai, kabeji mbili, na kimanga cha mihogo na maharage kilichopondwa siku hiyo hiyo. Mwambie Francis kwamba bibi yake anakuja, ajiandae kubebwa mpaka achoke.

Ni mimi,
Jacinta


Bura, 11 Mei 1956

Wakesho,

Je, hamjambo? Huku hatujambo, ila mimi sina raha.

Sikuja baada ya Pasaka, na najua ulinitazamia. Mvua ilibomoa ukuta wa zizi, nikalala nje na ndama, goti likavimba. Nilikuandikia. Hukujibu. Nikaandika tena. Hukujibu. Nikafikiri barua zimepotea, siku hizi za hatari barua hufunguliwa na watu wasiohusika. Juzi nikamwendea gadi, nikamuuliza, kijana, Voi wanaendeleaje? Yule anayependa kuongea mpaka anachelewesha treni! Akaangalia bendera yake. Akasema, "Mama, watakuandikia."

Wataniandikia nini?

Kama umekasirika kwa sababu sikuja, nitukane, nimezoea. Kama unaumwa, sema. Mimi ni mtu mzima, nimezika wazazi na nimemzika mama yako. Usinifiche kama mtoto.

Jacinta


Voi, 27 Mei 1956

Shangazi,

Natumaini goti limepoa na ndama anaendelea vizuri. Sisi tupo.

Francis hayupo. Alitutoka wiki ile baada ya Pasaka. Hakuumwa, hakulia. Alinyonya, akalala, asubuhi hakuamka. Tulimzika hapa Voi, padri alikuja, na Mbuvi alitengeneza sanduku kwa mikono yake.

Barua zako nilizipata. Kila siku nilianza kujibu, nikaishia kwenye salamu. Sikujua maneno yanayofuata ni yapi. Nilisema moyoni, maadamu sijamwandikia, kuna mahali pamoja duniani ambapo Francis bado yuko hai, nako ni nyumbani kwa Shangazi.

Maziwa yalikataa kukauka. Sasa yamekauka.

Naomba usiniulize zaidi.

Wakesho


Bura, 4 Juni 1956

Mwanangu, mwanangu,

Sina salamu. Nimelia mpaka majirani wameniletea uji kama mgonjwa. Ningekuja leo lakini siwezi kupanda ngazi ya behewa, goti hili, Mungu analijua.

Hata sura yake sikuiona. Niliweka mayai kando kila siku nikisema haya ni ya safari. Nimeyatoa yote kwa watoto wa jirani, sikuweza kuyatazama.

Umeniambia nisiulize. Nimejaribu, lakini mimi si mtu wa kukaa na jambo shingoni. Mtoto mzima anayenyonya hafi usingizini hivi hivi. Alilala na nani? Ni yule mama, si ndiyo? Ama alimlalia, ama alimwachia upepo utosini, ama ni huo ugoro wake. Nilikuambia! Nilikuandikia kwa mkono wangu usikubali! Wewe ni mpole mno, Wakesho, umeacha watu wakuingilie. Mbuvi anasemaje? Yuko kimya kwa sababu ni mama yake?

Njoo nyumbani. Acha landhi, acha reli. Njoo ulale kwenye kitanda chako, nikukande mgongo. Hakuna atakayekuuliza kitu.

Na blanketi langu, wamelifanya nini? Lisitupwe. Litunze, maana Mungu ataleta mwingine.

Jacinta


Voi, 30 Agosti 1956

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa upendo. Nasikia huko ukungu umekaa wiki nzima na mahindi yamechelewa kukauka. Hapa ni upepo na vumbi tu; tembo waliingia mpaka karibu na tangi la maji, Mbuvi akakimbia akaacha taa yake, na wenzake mpaka leo wanamwita "Tembo". Nimecheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, nami sijawahi kukasirikia wewe, sikujua inafanywaje.

Nisikilize. Mama mkwe hakuwapo. Aliondoka Jumamosi kabla ya Pasaka kwenda kupalilia shamba Kibwezi. Siku aliyoondoka alisimama mlangoni akarudi ndani, akamgusa Francis shingoni, ndipo akaenda. Tulipompelekea habari alikuja na treni ya kwanza. Alifua nguo zote za mtoto, akazikunja, akakaa chini karibu nami. Amekaa nami miezi hii yote. Sitaki usikike tena ukimtaja vile, si kwa barua, si pale stesheni kwa wanawake wa kabeji.

Francis nilimlaza mimi mwenyewe, pembeni yangu, kama siku zote. Mbuvi ndiye aliyemwinua alipotoka kazini.

Nilimwendea mkunga Dinah nikamwambia, niambie kama ni mimi. Akanishika mikono yote miwili. Akasema kuna watoto wanaokwenda usingizini na hakuna daktari, mweusi wala mweupe, awezaye kuapa kwamba ni kwa sababu ya hiki au kile. Akasema yapo mambo ya kufanya ili kumlinda mtoto, atanifundisha wakati ukifika, lakini kwamba mimi ni mama mwuaji, hilo nisilitie kinywani tena. Nakuandikia hili ili nawe usimtafute wa kumlaumu. Tafadhali.

Bado siwezi kuja. Kaburi liko hapa.

Wakesho


Bura, 16 Desemba 1956

Wakesho mwanangu,

Noeli inakaribia, nami natuma salamu kwako na kwa Mbuvi wa Tembo. Na kwa mama wa Kibwezi pia. Haya, nimeziandika, zisomwe kwa sauti.

Umenigombeza na nilistahili. Mdomo wangu huu, baba yako husema ungefaa kuwa filimbi ya treni. Tumemwombea Francis misa hapa. Baba yako alikuja kutoka Mwatate amevaa koti, akapiga magoti mwanzo mpaka mwisho, na unajua yeye hukaa nyuma karibu na mlango.

Hukunijibu habari ya blanketi. Labda ulisahau. Mimi nauliza kwa sababu ni kitu cha baba yangu tu, si zaidi.

Natuma viazi na ndizi. Kula, umekonda, gadi ameniambia. Siku hizi ananiambia kila kitu, maskini, anajutia siku ile.

Shangazi yako,
Jacinta


Bura, 22 Machi 1957

Mama wa mgeni,

Salamu zangu zije na kelele kidogo. Eti una mimba ya miezi minne, na wa kwanza kunieleza ni mwuza nyanya wa Mwatate! Ebo! Mimi niliyekupangusa kamasi!

Sina hasira. Nimecheka, nimelia, nimeimba, ng'ombe ameshtuka.

Sasa mara hii hakuna mjadala. Unakuja Bura. Nimekwisha kupanga. Kuni zimekatwa, kavu kabisa. Lile dirisha dogo la chumba chako nimeliziba kwa udongo, hakuna hata uzi wa upepo. Godoro nimelijaza majani mapya, laini, mtazama humo wote wawili. Utakuja mwezi wa saba, utakaa mpaka mtoto ashike shingo. Mlale kama tulivyolala. Safari hii nitamlinda mimi, hata nisipofumba jicho. Wewe nilikushindia kifo nikiwa peke yangu, na huyu nitamshindia.

Uje na blanketi. Nimeuliza sana habari zake, sasa nalitaka.

Jacinta


Voi, 28 Aprili 1957

Shangazi yangu,

Tunakusalimu sote. Mama mkwe amesema nikuandikie kwamba viazi vya Bura ni vitamu kuliko vya kwao, na yeye si mtu wa kusifu. Tumbo limekuwa kubwa, miguu inavimba, vingine vyote ni salama.

Sitakuja. Soma polepole, usiirushe karatasi.

Nakwenda kwa mkunga Dinah kila wiki. Mara hii sisimami nyuma, nakaa mbele, nauliza mpaka wanawake wengine wanashusha pumzi. Anasema mtoto mchanga alazwe chali, kila mara chali, mchana na usiku. Nikamuuliza, na akitapika, hatapaliwa? Akasema hapana, atageuza kichwa ateme, Mungu amemfundisha hilo. Alale mahali pake mwenyewe, karibu na kitanda cha mama hata mkono ufike, lakini si kitandani. Nimnyonyeshe kitandani nikitaka, kisha nimrudishe kwake kabla usingizi haujanichukua. Na pale anapolala pawe pagumu, pasibonyee. Godoro la majani laini, Shangazi, uso wa mtoto huzama humo na shingo yake haina nguvu ya kujitoa. Asiwekewe mto. Asifunikwe kichwa. Kama ni baridi avikwe nguo zake zinazomtosha, lakini asirundikiwe vitu vizito, kwa sababu mtoto akizidiwa na joto hawezi kusema. Niguse shingo yake, nikikuta jasho nimvue. Na moshi usiwe chumbani, wa moto wala wa sigara. Mbuvi amekwisha kuacha kuvuta ndani. Anavuta kibarazani pamoja na mama yake na ugoro wake, wamekaa pale kama wazee wawili waliofukuzwa.

Mbuvi ametengeneza kasha dogo la mbao, ameulainisha kila ubao kwa kipande cha chupa. Nimeweka ndani godoro jembamba la pamba iliyoshindiliwa. Mama mkwe hulibonyeza kwa ngumi kila anapopita, aone kama linazama. Halizami.

Kwako kuna dirisha lililozibwa kwa udongo na moto ndani. Najua ni kwa upendo. Hakuna aliyenipenda kama wewe. Lakini siwezi kulala humo na mtoto, Shangazi, siwezi hata kukufikiria ukichochea kuni bila kuinuka kufungua mlango. Usinitumie kitu chochote cha kumfunika. Nakuomba.

Wakesho wako


Bura, 2 Juni 1957

Wakesho,

Nakusalimu.

Barua yako imekaa mezani mwezi mzima. Kila nikiisoma naanza kwa hasira, namaliza bila hasira. Leo nimetoka ibadani nikaisoma tena, na ndipo nilipoona kile ambacho hakimo ndani yake.

Hujaniambia blanketi liko wapi. Si katika hii, si katika zile za nyuma. Umenieleza mito na magodoro na moshi na kasha, ukalizunguka blanketi kama mtu anayezunguka shimo gizani. Na uliwahi kuniandikia mtoto analowa jasho, nami nikakujibu jasho ni uhai. Barua ile iko kwako. Nakumbuka niliiandika nikicheka.

Basi. Sikuulizi tena. Nawe usinijibu, maana najua utanidanganya ili nilale.

Ninachotaka ujue ni hiki. Nilikuwa msichana, mama yako yuko ndani amefunikwa shuka, na wewe umewekwa sakafuni ndani ya kikapu kwa sababu watu walikuwa wamekata tamaa. Nilishika kilichokuwa karibu. Ukaishi. Tangu siku ile nikasema ni blanketi. Na ni moto, na ni dirisha. Maisha yangu yote nimewaambia wanawake wa hapa hivyo. Labda uliishi tu, mwanangu. Labda ulikuwa na nguvu zako mwenyewe na mimi nikasimama mbele nikapokea sifa.

Udongo wa dirishani nimeubomoa. Upepo unaingia.

Umezaliwa kwetu, lakini jifungulie huko. Fuata ya mkunga. Mwambie mama wa Kibwezi... sijui. Mwambie alikuwa na macho. Mimi sitakuja. Naiogopa mikono yangu. Nitakuwa namwona kwa barua.

Jacinta


Voi, 9 Septemba 1957

Shangazi yangu, mama yangu,

Salamu kutoka kwa watu wanne. Ni msichana. Alikuja tarehe 24 Agosti, ana sauti ya filimbi ya treni, na sote tunajua ameirithi wapi. Kwa mila yao amepewa jina la mama mkwe, Mumbe, kwa hiyo Mbuvi humwita "mama" na kumwamkia kila asubuhi akitoka kazini. Atabatizwa Jacinta. Hilo sikumwomba mtu ruhusa.

Analala kwenye kasha lake, chali, mikono juu kama aliyekamatwa na polisi. Uso uko wazi. Siku za kwanza sikuweza kufumba macho, niliweka mkono kifuani pake mpaka ukafa ganzi. Mama mkwe akaniambia, "Lala, zamu ni yangu." Akakaa. Usiku uliofuata akakaa tena. Sasa nalala. Si kila siku, lakini nalala. Kuna asubuhi naamka nikiwa na furaha, kisha namkumbuka Francis, naona haya kwa ile furaha.

Hukutaka nijibu, nami najibu.

Mbuvi alitaka kulichoma. Siku ile ile, kabla ya mazishi, alilitoa nje na kiberiti mkononi, analia. Mama mkwe ndiye aliyemnyang'anya. Alikuwa ameshuka kwenye treni saa ile, hata kitambaa cha safari hakijafunguliwa. Akamwambia, "Hili ndilo lililomlea mke wako. Ukilichoma utamwambia nini shangazi yake?" Akalifua, akalianika, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake, nami sikuliona tena mwaka mzima. Sikuweza kukuandikia kwa sababu sikuweza kulitaja. Sikukulaumu hata siku moja. Ulinipa kitu ulichokiamini kuliko vyote.

Wiki iliyopita alilitoa. Amelikunja mara nyingi mpaka limekuwa mto mnene, ameliweka juu ya kigoda kando ya kasha, pale anapokaa yeye kumwangalia mtoto. Nikamuuliza, Mama, hapo ni pako? Akasema, "Goti la mtu likiwa baya haketi kwenye mbao tupu. Mwandikie aje."

Njoo, Shangazi. Mikono yako mimi siiogopi.

Wakesho


Bura, 15 Septemba 1957

Mwanangu,

Salamu kwa wote, na kwa Jacinta mdogo salamu zake peke yake.

Nakuja na treni ya Alhamisi. Gadi na stesheni masta wameapa kuninyanyua mpaka ndani ya behewa kama gunia la viazi, na nimewaambia yeyote atakayecheka nitamrudishia.

Sibebi mayai, yana hadithi. Nabeba kimanga. Na umwambie Mumbe nimemwagizia ugoro kutoka Taveta, ule wenyewe, nimenusa nikapiga chafya mpaka kanisani walisikia. Aunusie kibarazani, nitakaa naye.

Kwanza mnipeleke kwa Francis. Nataka nifike kwake na vumbi la safari, kabla sijanywa hata maji.

Kisha twende nyumbani. Usinipe mtoto stesheni, hata nikinyoosha mikono, usinipe. Ngoja nifike, ninawe, nikae juu ya hilo blanketi la baba yangu. Ndipo unionyeshe, polepole, anavyolazwa.

Jacinta